Shajara ya mradi: kuweka sawa wakfu na zaka za msikiti wetu, Ngamiani Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika hii kwa ajili ya kamati za misikiti zenye nyumba ya wakfu (mali iliyozuiwa isiuzwe, mapato yake ndo yanatumika) na kopo la sadaka ila karatasi hazina. Mimi ni katibu wa kamati. Jina la msikiti silitaji na majina ya watu siyaweki, mana humu ndani kuna mali ya yatima. Kila hatua ikiisha naongeza hapa. Vitu vya kawaida navipita haraka, pale palipogoma ndo nakaa.

Mfungo Nne 1446 (Julai 2024): kujua kwanza tuna nini

Tuna nyumba moja ya Kiswahili hapa hapa Ngamiani, vyumba vinne na frem mbili za mbele, aliyoiacha bibi mmoja wa mtaani aliyefariki 2009. Kila mlango unalipa 15,000 kwa mwezi, kwa hiyo 90,000 ikitimia. Juu ya hapo kuna zaka za wafanyabiashara, sadaka za Ijumaa, fitri za Ramadhani na michango ya msiba. Yote hayo yalikuwa yanaingia kwenye laini moja ya simu ya mweka hazina na daftari moja.

Mweka hazina wetu ni mtu safi, hilo halina ubishi. Lakini zaka ina watu wake 8 waliotajwa kwenye Sura Tawba aya ya 60, haijengi choo cha msikiti hata kama choo kinavuja. Kodi ya wakfu ina masharti ya aliyeweka. Sadaka ya Ijumaa ndo iko huru. Sasa zikishachanganyika kwenye laini moja hata awe mwaminifu vipi hawezi kukwambia leo katumia ipi, na laini imesajiliwa kwa jina lake, Mungu apishe mbali akifariki kesho hakuna karatasi ya kuwaambia warithi wake kwamba ile pesa sio ya baba yao.

Tukagawa mifuko minne: zaka, fitri, wakfu, sadaka ya jumla. Kijana mmoja akatutengenezea Excel nzuri kwenye laptop, haikudumu, kwa sababu mweka hazina anapokea pesa barazani baada ya Isha na laptop iko kwa kijana nyumbani kwao. Ikabidi turudi kwenye kaunta buku nne, kila moja na rangi yake, na vitabu vya risiti vyenye nakala. Mwisho wa mwezi kijana anapiga picha kurasa anaingiza mwenyewe kwenye Excel. Hii imeshika. Gharama: kaunta buku, risiti na muhuri 92,000.

Ikabaki 1,340,000 ya zamani kwenye laini, haijulikani nini ni nini. Kodi tuliweza kuihesabu kwa kuwauliza wapangaji, miezi minne, yaani 360,000, hiyo tukaipeleka kwenye wakfu. Iliyobaki 980,000 Maalim, mwalimu wetu wa dini, akasema itolewe yote kwa mafukara, fukara anafaa kwa zaka na anafaa kwa sadaka pia, hapo hamkosei upande wowote. Kama na nyie mna pesa iliyochanganyika anzeni hivi kabla hamjafanya lolote lingine.

Mfungo Sita 1446 (Septemba 2024): wadhamini, katiba, na mafuta ya taa

Mali ya wakfu ikae kwa jina la nani? Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na sheria yake, lakini sheria hiyo haivuki bahari kuja Tanga. Huku Bara njia tuliyoiona ni mbili: kuiweka mali chini ya wadhamini wa BAKWATA, au kusajili bodi yetu wenyewe ya wadhamini pale RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura 318. Wajumbe walivutana sana. Mwisho tukachukua ya pili kwa sababu moja tu, sharti la bibi linataja msikiti huu, na tulitaka watu wanaoswali humu ndo wawajibike. Msikiti mwingine unaweza kuona vingine na ukawa sawa kabisa.

Bodi ikishasajiliwa inakuwa mtu kisheria, inamiliki, inashtaki, inashtakiwa, na mdhamini mmoja akifa mali haitikisiki. Hili ndo wazee lililowaingia. Mtawalli wetu, yaani msimamizi wa wakfu, mzee wa miaka themanini na kitu, hati na karatasi ya bibi vilikuwa kwenye sanduku lake chini ya kitanda, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa naogopa kufa na hili sanduku."

Rasimu ya kwanza ya katiba ilibidi iandikwe upya. Tulikuwa tumeinakili ya jumuiya nyingine, malengo yamejaa kila kitu, shule, hospitali, kilimo, na hakuna kifungu hata kimoja kinachosema wakfu haiuzwi, haigawiwi, hairithiwi. Maneno hayo yako kwenye hadithi ya Sayyidna Umar na shamba lake la Khaybar, ambapo Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili na atoe mapato yake. Tukayaweka yale yale kama kifungu. Na kutoka hadithi hiyo hiyo tukachukua suala la ujira, kwamba msimamizi hana kosa akila humo kwa wema. Kabla ya hapo mtawalli alikuwa anafanya kazi bure, na kazi ya bure haina siku ya kuulizwa hesabu. Sasa msimamizi anapata asilimia 10 ya kodi iliyokusanywa mkononi, sio iliyoandikwa.

Sasa karatasi ya bibi. Ni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, wino wa zambarau umefifia kwenye mkunjo, alama ya dole gumba lake chini na mashahidi wawili. Masharti yake matatu: mafuta ya taa za msikiti, mikeka, na futari ya mfungo mzima kwa wapita njia. Taa zetu ni za umeme siku nyingi. Mmoja akasema basi wakfu inunue LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya msikiti, ikapita haraka haraka, kumbe mita hiyo hiyo inavuta feni na pampu ya maji. Maalim akatusimamisha. Alichokusudia bibi ni mwanga wa kuswalia na kusomea, hilo umeme unaliingia, lakini feni na pampu sio mwanga. Fundi akafunga mita ndogo kwenye laini ya taa peke yake, 48,000 na ujira wake. Kila mwezi tunasoma, taa wakfu inalipa, vingine sadaka ya jumla. Wapo wanaoona tumezidisha. Mimi naona yule bibi hana mdomo tena wa kujisemea, sasa kama sisi hatulindi neno lake nani alilinde.

Gharama ya hatua hii, wakili wa kupitia katiba, ada, picha, nauli na nakala: 415,000 kutoka sadaka ya jumla. Zaka hatukuigusa.

Mfungo Nane hadi Rajabu 1446 (Novemba 2024 mpaka Januari 2025): karatasi inasema "baada ya kufa kwangu"

Hapa ndo tulikaa sana na ndo naomba msome kwa utulivu.

Wakili akasoma tafsiri ya ile karatasi akauliza swali moja tu. Bibi ameandika kwamba nyumba ni wakfu "baada ya kufa kwangu". Na kweli aliishi mle mpaka siku yake. Maalim alivyosikia akashika kichwa, mana wote tulikuwa tunaichukulia ni wakfu ya mtu mzima aliyeitoa akiwa hai. Wakfu ya uhai haina kikomo, mtu anaweza kutoa nyumba nzima. Ila iliyofungamanishwa na kifo hukumu yake ni ya wosia, na wosia hauvuki theluthi ya mali yote ila kwa idhini ya warithi. Na warithi hawajawahi kuulizwa tangu 2009, na hati ya nyumba bado inasoma jina la bibi.

Tukaenda hivi. Kwanza Mahakama ya Mwanzo, mtoto wake wa kiume aliye hapa mjini akaomba usimamizi wa mirathi, akaeleza kwenye kiapo kwa nini imechelewa hivyo. Bila msimamizi wa mirathi hakuna anayeweza kuhamisha hati, huo mlango hauna dirisha la pembeni.

Pili hesabu. Theluthi inapimwa kwa mali ya siku ya kufa, sio ya leo. Bibi aliacha nyumba na shamba la minazi. Mthamini na wazee wa mtaa wakakadiria bei ya 2009, nyumba milioni 14, shamba milioni 10, deni hana, jumla 24. Theluthi yake 8. Nyumba peke yake ni 14, kwa hiyo imezidi 6, yaani mafungu matatu katika saba ya nyumba yalikuwa ya warithi miaka yote hii na sisi tunakula kodi yake.

Warithi ni watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Wapo Tanga, Mombasa na Muscat. Tukafanya kikao cha simu ya video, msimamizi akawasomea hesabu yote. Yule binti wa Muscat, tunayemwita shangazi, akasema kabla hata hatujamaliza, "Mama alishasema, nani atabadilisha? Mimi nimeridhia." Wengine wakafuata, viapo vikasainiwa kwa mawakili wa huko waliko.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe mmoja wa wale watoto wa kiume alifariki 2019, ameacha mke na mtoto mmoja wa kiume ambaye hajabaleghe. Mjane akasema ameridhia kwa niaba yake na ya mtoto. Ya kwake sawa. Ya mtoto Maalim alikataa pale pale. Mlezi hana ruhusa ya kusamehe mali ya yatima, hata kwa msikiti, hata kwa nia njema kiasi gani.

Fungu la mtoto linatoka hivi: theluthi moja ya zile tatu katika saba ni la baba yake (wa kiume anapata mara mbili ya wa kike), ambayo ni moja katika saba ya nyumba, mama anatoa thumuni yake (moja ya nane), mtoto anabaki na saba ya nane. Ukizidisha unapata thumuni kamili ya nyumba nzima. Nyumba leo imethaminiwa milioni 42, kwa hiyo thumuni ni 5,250,000.

Pendekezo la kwanza kwenye kamati lilikuwa tungoje abaleghe tumuulize. Lilionekana rahisi, lakini maana yake ni kwamba tunamiliki kwa ubia na mtoto miaka kadhaa, hati haihami, kodi lazima igawiwe kila mwezi, na siku akikua anaweza kutaka frem yake ibomolewe na haki anayo. La pili lilikuwa kununua fungu lake kwa pesa ya zaka. Hilo halikuchukua hata dakika, zaka hainunui wakfu. La tatu ndo lililopita: kununua kwa mchango maalum.

Kwenye madhehebu yetu ya Shafi mali isiyohamishika ya yatima haiuzwi ila kwa haja au faida iliyo dhahiri kwake. Bei ya soko peke yake haitoshi kuitwa faida dhahiri. Tukapandisha mpaka 6,000,000. Juu yake kuna thumuni ya kodi tuliyoila tangu baba yake afariki 2019, miaka 5 kwa 90,000 kwa mwezi ni 5,400,000, thumuni yake 675,000. Kuna mjumbe alitaka tukate kwanza gharama za bati na rangi. Hatukukata. Hiyo 675,000 ilitoka mfuko wa wakfu kwa mafungu, ikaisha.

Zile milioni 6 tulizigawa hisa 240 za 25,000. Hapa ulizuka mjadala mzuri. Vijana wakasema kwa nini tusiende mbali zaidi, tuwe na wakfu ya fedha yenyewe, pesa inakaa inazungushwa na faida ndo inatolewa, mbona Indonesia imo kwenye sheria yao ya wakfu ya 2004. Na kweli Baraza la Fiqhi (sheria za dini) la Kimataifa kwenye kikao cha Muscat mwaka huo huo wa 2004 lilijuzisha. Na sio jambo jipya, kina Zufar katika wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa walishalisema, na Waturuki wa dola ya Uthmaniya walilitumia sana karne ya 16 huku maulamaa wao wakigombana, Ebussuud Efendi akiunga mkono, Birgivi akipinga. Maalim hakupinga elimu hiyo. Alisema tu watu wetu ni Shafi, na kauli yenye nguvu kwa Shafi ni kwamba dinari na dirhamu haziwekwi wakfu, sasa ukiwaletea jambo ambalo bibi zao hawakulijua, siku likitetereka watasema dini imechezewa. Kwa hiyo hisa yetu sio wakfu ya pesa. Mtu anatoa 25,000 kama sadaka ya kununulia, siku pesa imetimia thumuni inanunuliwa na hapo ndo inawekwa wakfu kwa tamko na maandishi. Kila risiti imeandikwa hivyo, na imeandikwa pia isipotimia pesa inarudi.

Zilifika hisa 188 zikagoma. Zilizobaki 52, yaani 1,300,000, alizimaliza shangazi wa Muscat. Mtoto akalipwa kwa ujuzi wa msimamizi wa mirathi, na mama yake akamnunulia kiwanja upande wa Pongwe kwa jina la mtoto. Nimekiona, kimewekewa mawe ya mpaka.

Gharama nyingine za hatua hii, mahakama, viapo, mthamini, tafsiri ya ile karatasi: 640,000.

Kama mna karatasi ya zamani, ipelekeni isomwe na mtu wa fiqhi na mtu wa sheria wakae meza moja. Sisi miaka 15 tulikuwa nayo na hakuna aliyelitazama lile neno.

Shaabani 1446 (Februari 2025): kodi

Nyumba ya wakfu kupangishwa chini ya bei ya mtaa bila sababu ni kumpunja aliyeweka. Chumba cha 15,000 jirani kinakwenda 35,000, frem 70,000. Tulitoa barua, bei mpya kuanzia mwezi unaofuata. Zogo. Wapangaji watatu wakagoma kulipa hata ile ya zamani, mmoja akasema hata mbele ya watu kwamba msikiti umekuwa mwenye nyumba mbaya kuliko wa kawaida. Alikuwa na hoja, mwenye nyumba wa kawaida hupandisha kidogo kidogo.

Tukaifuta ile barua. Tukaketi na kila mlango, tukaandika mikataba (haikuwahi kuwepo), bei ikapanda kwa hatua tatu ndani ya mwaka, na kabla ya kupanda tukatengeneza kwanza: bati za upande wa uani na milango miwili iliyoliwa na mchwa. 1,180,000, kati yake 500,000 ni mkopo kutoka sadaka ya jumla kwenda wakfu, umeandikwa na kusainiwa, mfuko kwa mfuko.

Mlango mmoja anakaa bibi mjane, anauza maandazi, 35,000 hawezi. Kamati nzima ilitaka abaki na 15,000 yake. Moyo unataka hivyo, lakini hapo wakfu ndo inatoa sadaka ambayo bibi mweka wakfu hakuiandika. Tulichofanya, bei yake ni sawa na wenzake kwenye mkataba, na kwa sababu ni mstahiki tukamuingiza kwenye zaka. Pesa anapewa mkononi, ni yake, hakuna sharti kwamba ailipie kodi, akitaka kununulia unga wa ngano hiari yake. Maalim alikazia sana hapo, mkimpa kwa sharti irudi kwenu mmejilipa wenyewe kwa mkono wake. Ametulipa kodi kila mwezi mpaka leo.

Kuna kingine kidogo kinachogombanisha wapangaji. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi tangu ilipopandishwa 2023, na mita ya nyumba ni moja, kwa hiyo anayenunua umeme ndo anayekatwa. Mwenye kudaiwa ni mwenye jengo. Sasa anayekatwa analeta meseji ya LUKU na tunampunguzia kwenye kodi ya chumba. Msikiti wenyewe ni jengo la ibada, hiyo haiuhusu. Nyumba ya kupangisha inahusika hata kama mapato yanakwenda msikitini, msijidanganye hapo.

Mgawo wa kodi ikishatimia 280,000: matengenezo asilimia 20 yanatoka kwanza kabisa, yaani 56,000, mana wakfu ikianguka masharti yote yanaanguka nayo. Msimamizi 28,000. Inayobaki 196,000 ni ya taa, mikeka na futari.

Ramadhani 1446 (Machi 2025): zaka na fitri

Miaka yote zaka yetu ilikuwa foleni. Watu wanapangana nje ya msikiti kumi la mwisho, kila mtu 4,000, mpaka iishe. Mama mwenye mtoto mgongoni anasimama juani masaa kwa nauli ya kurudi Makorora. Mwaka huu foleni imekwisha kabisa, na nitapigania isirudi.

Hoja yetu tuliitoa ndani ya madhehebu. Imamu Nawawi anasema fukara anapewa cha kumtosha, na mwenye ufundi anapewa zana za ufundi wake, mfanyabiashara anapewa mtaji. Zilikusanyika 4,150,000. Kaya 11 zikapata wastani wa 350,000 na 300,000 ikaenda kwa mdaiwa mmoja aliyeugua. Orodha tuliipata kwa mabalozi wa mashina na akina mama wa madrasa, halafu watu wawili wanatembelea nyumba bila kutangaza wametoka wapi.

Kilichokwama: kamati ilikuwa imeamua kununua vitu badala ya pesa. Tukanunua cherehani kwa mama mmoja wa Mikanjuni, akaishukuru vizuri sana, baadae tukasikia ameiuza. Wajumbe wakakasirika. Nikaenda kumuuliza, akasema hajui kushona, alishona zamani vifungo tu, yeye alikuwa anahitaji deli na barafu akachukue samaki Deep Sea auze mtaani, akaona aibu kukataa. Cherehani ya 280,000 imeuzwa 170,000. Hiyo laki na kumi ni hasara iliyotoka kwenye haki yake, na zaka ikishatoka mkononi mwetu ni mali yake, kumkasirikia hatuna ruhusa. Waliobaki wote tuliwauliza kwanza, tukawapa pesa.

Pendekezo lingine lililokataliwa ni kuifanya zaka iwe mkopo, warudishe wapewe wengine. Zaka ni kumilikishwa, haikopeshwi.

Kwa wafanyabiashara tulibandika karatasi ya kukokotoa: bidhaa kwa bei ya kuuzia leo, jumlisha pesa ulizonazo na madeni unayotegemea kulipwa, ikifika nisabu (kiwango cha chini cha kutoa zaka) na mwaka umepita toa asilimia 2.5. Nisabu tuliandika zote mbili, gramu 85 za dhahabu na gramu 595 za fedha, na ya fedha ni ndogo sana leo. Kwa bidhaa tukachukua ya fedha kwa maslahi ya mafukara, ila mtu akifuata ya dhahabu hatumgombezi.

Fitri. Pishi, kipimo cha fitri ya mtu mmoja, ni vibaba vinne, ila kibaba cha kila duka kina tumbo lake. Tulichukua kibaba cha Maalim cha zamani, tukapima mchele mara nne tukaweka kwenye mizani, ukatoka kilo 2 na nusu na kidogo, tukaandika kilo 2.7 kwa tahadhari. Wengi wanatuma pesa kwa simu. Kwa Shafi fitri ni chakula, kwa hiyo sisi tunakuwa mawakili, tunapokea pesa, tunanunua mchele Mgandini kwa gunia na kugawa kabla ya swala ya Idi. Shida ni pesa zinazoingia usiku wa Idi, soko limefungwa na mtu ameshanuia. Tumeweka mwisho wa kupokea ni 28 Ramadhani Isha, baada ya hapo mtu anaambiwa atoe mwenyewe alipo. Na tulinunua magunia mawili ya akiba kwa sadaka ya jumla, yakachukuliwa yote usiku ule na pesa ikarudi kwenye mfuko.

Mfungo Tatu 1446 (Juni 2025): akaunti, picha, na mikopo

Cheti cha wadhamini kimetoka. Akaunti imefunguliwa kwenye dirisha lisilo na riba, kwa jina la bodi, sahihi mbili katika tatu, na lipa namba kwa jina la msikiti. Laini ya mweka hazina imepumzika. Hati ya nyumba ipo kwenye kuhamishwa kutoka kwa msimamizi wa mirathi kwenda kwa wadhamini, ada na tathmini tumetenga 900,000.

Picha. Mjumbe mmoja alirusha kwenye grupu la WhatsApp la msikiti picha ya mama akipokea bahasha, kwa nia ya kuonyesha pesa imefika. Binti yake wa shule aliiona kwa mwenzake. Nadhani sihitaji kueleza zaidi. Tangu siku hiyo picha marufuku, anayepokea anasaini kwenye kitabu kinachofungiwa, ripoti inayobandikwa mlangoni ina namba ya kaya, mtaa na kiasi tu. Hata sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inataka hivyo, ila hata isingekuwepo sheria, Qurani imeshasema sadaka ya siri kwa mafukara ni bora.

Mikopo bila riba. Vijana walivutiwa na Akhuwat ya Pakistan, iliyoanza 2001 na kukopeshea misikitini bila riba. Tulitaka kuanza na milioni 2 za sadaka. Tumesimama, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inagusa hata vikundi vya mtaani, viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Bodi ya wadhamini kuanza kukopesha kienyeji tunaihatarisha nyumba ya bibi kwa jambo lisilohusiana nayo. Kwa hiyo akina mama 20 wa madrasa wanasajili kikundi chao wenyewe, bodi itawapa sadaka kama mtaji wa kuanzia. Katiba yao ipo mezani. Kifungu kinachosumbua ni faini ya kuchelewesha, VICOBA vingi inarudi kwa wanachama kama gawio, hapo ndo riba inapoingilia mlango wa nyuma. Rasimu ya sasa inasema faini yote inakwenda kwa mafukara nje ya kikundi, na aliyechelewa kwa ugonjwa au msiba hatozwi. Wenyewe akina mama wameomba kiongezwe kwamba mdhamini wa mkopaji asiwe mumewe.

Baki ya mifuko leo: zaka 0, fitri 0, wakfu 214,000 baada ya kurudisha 300,000 ya ule mkopo wa bati, sadaka ya jumla 2,376,000 ikiwa ndani yake zile 900,000 za hati. Nitaongeza hati ikitoka.